Neno Nililomfundisha Papa

Mama alipokubali hatimaye kuiacha nyumba ya Katuba na kuja kuishi nami, alileta vitu vichache: kitanda, masufuria yake, picha ya harusi, na sanduku la bati ambalo hakutaka mtu mwingine alibebe. Jumamosi iliyofuata tulilifungua pamoja. Chini kabisa, chini ya vitenge, kulikuwa na vifuko vya kitambaa kigumu cheupe, vya ukubwa wa viganja viwili, vyenye kamba shingoni. Mama alikuwa akivitumia kuwekea mbegu za maharagwe. Nilichukua kimoja, nikakinusa bila kufikiri. Maharagwe yalishatoka zamani, lakini harufu ya Papa, baba yangu, ilikuwamo bado: udongo uliokaushwa kwenye moto, na ukali fulani nyuma yake, kama ladha ya sarafu ambayo mtoto ameiweka ulimini. Nilikaa chini nacho, na Mama, aliyekuwa ameinama juu ya vitenge, akaendelea kuvikunja.

Papa hakuwa mchimbaji, ingawa watu wa mtaa walipomwona na vumbi la kijani kwenye kope walidhani hivyo. Baba yake alikuwa ameteremka kutoka kaskazini, upande wa Kabalo, kuja kufanya kazi ya reli, na Papa alizaliwa hapahapa Lubumbashi. Alifanya kazi kwenye maabara moja mjini. Malori yalileta pale vifuko vya mawe kutoka migodini, hasa vya upande wa Kambove, ili wapimaji wajue kila shimo lina shaba kiasi gani. Lakini kabla vifuko havijafika kwa wapimaji wenye makoti meupe, vilipita mikononi mwa Papa. Alivipokea, akavikausha, akasaga mawe mpaka yawe unga laini, akauchanganya unga, kisha akaugawa: nusu kwa wapimaji, nusu rafuni, iwe akiba.

Katika kazi zote hizo, aliyojivunia ni kuchanganya. Alituonyesha nyumbani. Mama alipotaka kupika bukari, ugali wetu, ya unga wa mahindi na wa muhogo, Papa alitandika nailoni sakafuni, akamimina unga wa njano na unga mweupe, akashika pembe mbili, akauvingirisha kutoka kona hadi kona, mara hii, mara ile, taratibu, bila kupeperusha hata vumbi. Mimi nilichuchumaa karibu, nikangoja ile dakika ambapo njano na nyeupe zinapotea na rangi ya tatu inatokea.

"Bulongo kama hauchanganywe muzuri, inasema bongo," alituambia. Udongo usipochanganywa vizuri, unasema uongo. Sehemu moja ya kifuko itadai shimo ni tajiri, sehemu nyingine itadai ni maskini. Ni lazima uchanganye mpaka kila kijiko kiseme jambo lilelile.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili wakati mkuu wa maabara, aliyekuwa akisema Kifaransa na Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, alipoondoka. Nafasi yake ikachukuliwa na mgeni asiyejua lugha nyingine isipokuwa Kiingereza. Ninyi mliokulia Lubumbashi miaka ile mnakumbuka jinsi Kiingereza kilivyotuingilia na malori yaliyotoka Kasumbalesa, mpakani. Jana kilikuwa lugha ya ndugu zetu wa Zambia, leo kikawa lugha ya mkate. Mkuu mpya, ambaye wote walimwita Bosi, alitangaza kwamba wafanyakazi wajitahidi kujifunza, na ikasemwa kwamba wawili kati yao watachaguliwa kwenda kusomeshwa kazi ya upimaji. Kwa kawaida karani mmoja aliyeitwa Kalenga ndiye aliyetafsiri. Papa hakupenda kusemewa. Alisema mtu anayesemewa anakuwa kama maiti anayesomewa risala.

Mimi ndio kwanza nilikuwa nimeanza sekondari kwa masista, na Kiingereza kilikuwa somo jipya. Mwalimu wetu aliitwa Madame Judith, mwanamke mrefu aliyekulia Ndola. Basi kila jioni, jua likiwa bado juu ya ukuta wa jirani, Papa alinawa uso na mikono, akavaa shati safi kana kwamba anakwenda misa, akaketi mezani mbele yangu. Maneno kumi kila siku. Nilikuwa namsomea, naye ananifuata, mtu wa miaka arobaini na kitu, akinitazama mdomo jinsi unavyojikunja.

Sijawahi kupewa heshima kubwa kuliko ile, na kwa kweli ilinipanda kichwani.

Siku moja Madame Judith alitufundisha kwamba Waingereza wana tabia ya kutundika vineno vidogo nyuma ya vitenzi. Alitoa mifano. *Eat up*, kula umalize. *Clean up*, safisha mpaka kung'ae. *Dry up*, kauka kabisa. Alituonya kwamba kila kimoja kina tabia yake, kwamba lazima kujifunza kimoja kimoja. Mimi onyo sikulisikia, maana nilikuwa nimekwisha kugundua kanuni yangu mwenyewe. Jioni ile nilimweleza Papa kwa sauti ya mwalimu.

"Papa, ile *up* inatiaka neno nguvu. Ukiweka *up*, kazi inakuwa kamili."

"Basi kuchanganya kabisa, kama vile tunafanyaka ku kazi, itakuwa namna gani?"

Neno *mix* tulikuwa nalo tayari. Sikusita hata kidogo. "*Mix up*," nikasema.

"*Mix up*," akarudia, akalipenda papo hapo. Niliandika kwenye daftari kwa kalamu ya buluu: *mix up*, kuchanganya kabisa, mpaka hakuna tofauti. Alinitungisha sentensi nzima, akaikariri huku akifunga madirisha, huku akimenya chungwa, huku akivua viatu. *I mix up the samples.* Ninachanganya sampuli. Mama alisema hata usingizini ameisikia.

Mvua zilikuwa zimeanza wakati jambo lenyewe lilipotokea. Jumanne moja nilirudi kutoka shule saa saba, viatu vikiwa vizito kwa matope mekundu, nikamkuta Papa nyumbani. Hakuwa amewahi kuwa nyumbani saa ile. Aliketi kwenye kiti cha ukumbini bila kuegemea, bado na vumbi la kazi kwenye nyusi, na bahasha magotini. Mama alisimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi.

"Sijue juu ya nini banirudishe," Papa alikuwa akimwambia. "Bosi mwenyewe alikuya fasi yetu ya kazi. Kalenga hakukuwa, alikuwa na mutoto wake ku hospitali. Bosi akaniuliza, *did you mix up the samples*. Nikasikia yote, neno kwa neno. Nikamujibu, *yes sir, every day I mix up, very good*."

"Na yeye akasema nini?"

"Akanitazama sana. Akawa mwekundu. Minafikiri alifurahi." Aliinua bahasha. "Kisha banipatia hii barua, bakasema niende ku nyumba, nirudie siku ya tano." Siku ya tano kwetu ni Ijumaa.

Wote wawili wakanigeukia. Nilikuwa Kiingereza cha nyumba ile.

Niliifungua barua kwa vidole vyenye wino. Ilikuwa fupi, na sehemu kubwa sikuielewa, lakini katikati nililiona neno letu likinitazama kama mtu wa nyumbani katikati ya wageni: *You have admitted that you mixed up the samples.* Lile neno la mbele, *admitted*, sikuwa nimelisoma kwa Madame Judith. Lakini nililijua kwa Kifaransa. Kila mwisho wa mwaka, kwenye karatasi zilizobandikwa ukutani shuleni, tulitafuta majina yetu chini ya neno *admis*. Aliyepita ni *admis*. Aliyekubaliwa kuendelea darasa la juu ni *admis*.

"Papa," nikasema kwa furaha, "bamekukubali. Unachanganya muzuri, na bamekukubali. Iko ile masomo. Umepita."

"Lakini juu ya nini banitume ku nyumba?"

"Labda juu ujitayarishe."

Leo najua kwamba hawakuniamini sana kama walivyotaka kuniamini. Mama aliweka mwiko mezani, akaja akaitazama barua asiyoweza kuisoma, akagusa jina la Papa juu ya karatasi. Kisha akatoka uani, tukasikia kuku akipiga kelele. Jioni ile tulikula kuku wa karanga, na Papa alimwita jirani wa upande wa kulia aje aonje. Alimweleza habari mara mbili. Mara ya pili alinishika bega na kusema, "Huyu njo mwalimu yangu," huyu ndiye mwalimu wangu.

Jumatano niliomba niende na barua shuleni. Nilitaka Madame Judith ajue kwamba mwanafunzi wake amempitisha mtu mzima mtihani. Nilimngoja wenzangu walipotoka kwa mapumziko, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Alianza kusoma akiwa ametabasamu kwa ajili yangu. Alipofika katikati, tabasamu lilibaki mahali pake lakini macho yaliondoka. Aliisoma tena tangu mwanzo.

"Nani alikuambia hii barua iko muzuri?" akaniuliza polepole.

Nilimweleza yote: *up* inayotia nguvu, *admis* ya ukutani, kuku. Hakunikatiza. Kisha alivuta kiti, akaniketisha, jambo ambalo halikuwa desturi ya shule ile.

"Sikiliza. Mama yako anakuitaka na jina ya mudogo yako, saa zingine?"

"Ndiyo, Madame."

"Anasema je akijua?"

"Anasema, ah, nimebachanganya."

"Je, alibatia ninyi wawili ndani ya sufuria, akabasonga na mwiko?"

Nilitikisa kichwa.

"Hiyo njo *mix up*," akasema. "Kutwaa kitu moja ukidhani ni ingine. Bosi alimuuliza baba yako kama alibadilisha vifuko, vya shimo hii akaviita vya shimo ile. Na *admitted* hapa haiko kupita mutihani. Iko kukiri. Barua inasema baba yako amekiri." Aliikunja kwenye mikunjo yake ya zamani. Chini, akasema, kuna maneno mengine yaliyotumia neno lilelile kwa namna mbaya zaidi. Walikuwa wakitafuta kujua kama Papa ni *mixed up in* jambo fulani, yaani kama ameingia katika biashara chafu na watu wanaolipia mashimo maskini yaonekane tajiri. "Lazima ajue kabla ya siku ya tano. Utamwambia, ao niende miye?"

"Nitamwambia," nikasema.

Sikumwambia. Kuna watu watakaosoma haya na kunihukumu, nami nawaacha. Nilifika nyumbani nimejipanga, na maneno yako tayari mdomoni, nikamkuta Papa juu ya ngazi akipaka chokaa ukuta wa mbele, akiimba. Alikuwa na nukta nyeupe kwenye masharubu. Aliniuliza Madame amesema nini. Nikajibu kwamba Madame ameisoma. Huo haukuwa uongo, na nilijificha nyuma yake jioni nzima. Alhamisi nilisema kichwa kinauma, tusisome. Aliweka kiganja chake kwenye paji langu, kiganja kikavu kama karatasi ya msasa, akamwambia Mama anipikie uji. Niliunywa wote, na nililia ndani ya kikombe, na Mama akadhani ni homa.

Nadhani nilikuwa na imani kwamba neno likikaa bila kusemwa linaweza kufa lenyewe. Nilifikiri pia, kwa akili ya miaka kumi na miwili, kwamba barua ile niliiandika mimi kwa namna fulani, kwamba kama nisingempa Papa lile neno, yale mambo ya vifuko kubadilishwa yasingekuwapo kabisa.

Ijumaa asubuhi, jua likichomoza, Mama alikuwa akipiga pasi shati kwa pasi ya makaa, na Papa aliketi kizingitini akipaka viatu rangi. Nilitoka na sare yangu ya shule. Nilisimama nyuma yake ili asinione uso.

"Papa, *mix up* haiko kuchanganya ya bulongo."

Brashi iliendelea. "Iko nini?"

Nilimwambia yote: mfano wa Mama na majina, neno la kukiri, lile la biashara chafu. Nilisema bila kupumua. Mahali fulani katikati brashi ilisimama, na nyuma yangu pasi pia ilisimama, maana nilisikia harufu ya kitambaa kikianza kuungua, na Mama akaiinua.

"Ulijua tangu siku gani?" Papa akauliza.

"Tangu juzi."

"Na ulinyamaza."

"Nilinyamaza."

Alichukua kiatu cha pili. Alikipaka chote, kisigino, pembeni, ulimi, akakisugua kwa kitambaa mpaka kikang'aa kama cha kwanza. Sijaona kiatu kikichukua muda mrefu namna ile. Kisha akauliza, bado akitazama mbele, "Na muntu kama hakuchanganya, anasema namna gani?"

"*I did not mix them up.*"

"*Them*, njo bakina nani?"

"Njo vifuko, Papa."

"*I did not mix them up*," akasema. Akarudia mara tatu, sauti ndogo, kama mtu anayejaribu daraja kwa mguu mmoja. Kisha akasimama. "Twaa daftari yako. Utaenda na miye."

"Mutoto iko na masomo," Mama akasema.

"Leo masomo iko kule."

Mlinzi wa lango hakutaka kuniruhusu, mpaka Kalenga alipotoka. Alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani, na kwa jinsi alivyokwepa macho ya Papa nilijua kwamba ofisi nzima ilikuwa imeshasema habari zake. "Mzee, juu ya nini ulikubali?" akamnong'oneza. Papa alinishika mkono tukapita langoni. Tuliingizwa kwenye chumba chenye meza ndefu. Bosi alikuwa mtu mnene, mwenye nywele za rangi ya mchanga na madoa ya jua mikononi. Nilitegemea kuona mnyama. Alionekana amechoka tu, kama mtu ambaye chakula cha ugenini hakimkai.

Papa alitaka kuanza na sentensi yake, lakini ilimkwama. Alinigusa mgongoni. Nilifungua daftari kwenye ukurasa wenyewe, nikaliweka mezani, nikaonyesha kwa kidole. Kalenga aliinama, akasoma mwandiko wangu, akatafsiri. Niliona nyusi zake zikipanda juu ya miwani kadiri alivyokuwa akielewa. Bosi alilivuta daftari kwake. Alisoma ukurasa ule, akafunua ule wa nyuma, na wa nyuma yake, jioni baada ya jioni, maneno kumi kumi, mwandiko wangu upande mmoja na mwandiko mkubwa wa Papa upande wa pili. Kisha akaniuliza, polepole ili nimwelewe, nani alinifundisha kwamba neno lina maana hiyo.

Nilikuwa na Kiingereza kidogo sana na hofu nyingi. "*Me, sir*," nikasema. "*The mistake is me.*"

Hakucheka. Alimtazama Papa, na Papa, akiwa amesimama wima katika shati lenye alama ndogo ya kuungua mgongoni, akasema ile ya kwake, yote, bila kukosea. "*I did not mix them up.*"

Bosi alijibu kwa maneno mengi, na Kalenga akayaleta kwa Kiswahili: anaamini kuhusu neno, lakini vifuko vimebadilishwa kweli. Shimo linalojulikana kuwa tajiri limetoka maskini, na la maskini limetoka tajiri. Kama si Papa, ni nani?

Papa akaomba aende rafuni. Alirudi na trei mbili za akiba. Kila kifuko, akaeleza, kinatoka Kambove na kibandiko shingoni, na kikaratasi kingine ndani, kilichokunjwa, kilichoandikwa pale pale shimoni. Kile cha ndani kinafika kimelowa tope, hakisomeki, na kanuni inasema fuata kile cha nje. Lakini mkuu wa kwanza aliyemfundisha kazi alimwambia asikitupe kamwe. Basi yeye hukikausha hivyo hivyo kilivyokunjwa, akakitia ndani ya akiba. Alikifungua kimoja kwa kucha. Kilipasukapasuka kama jani, lakini namba ilikuwapo. Haikuwa namba ya nje. Akafungua cha pili, cha tatu. Trei hii ilikuwa na namba za trei ile, na ile za hii.

"Hii maandiko ninayijua," Papa akasema. "Tisa yake iko na mukia murefu. Njo Mwape wa kule Kambove. Hatujaonana."

Bosi alisikia jina. Mkono wake ukaenda kwenye simu, na nikaona uso wake ukirudia ile rangi ambayo Papa aliidhania furaha. Hapo Papa alifanya jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu aliyekuwa ametoka tu kuokoka. Aliinua kiganja.

"Kalenga, umwambie angojee. Umwambie Mwape aulizwe na Kiswahili."

Kalenga alivua miwani. "Mzee, yako imekwisha. Tuache hivyo."

"Wakimuuliza na ile neno, atasema *yes*. Kule pia ni watu ya bulongo. Umwambie."

Kalenga alimwambia. Bosi alipiga simu, akasema maneno machache, kisha akampa Kalenga simu juu ya meza. Tulisikia upande mmoja tu. "Mwape? Ile siku ya mvua kubwa, vifuko vilipakiwa namna gani?" Kisha sauti ndogo ikalia ndani ya simu kama nzi ndani ya chupa. Kalenga aliitikia, akaandika, akaitikia. Alipoweka simu alieleza kwamba mvua ilikata kamba za safu mbili nzima, vibandiko vikaanguka kwenye tope, na Mwape akavifunga tena kwa kukumbuka. Hakuwa na hakika. Alimwambia msimamizi wake siku ileile.

Bosi alifuta uso kwa kitambaa. Alisema sentensi moja fupi, na nilisikia lile neno tena, safari hii limevaa nguo nyingine: *a mix-up*. Nilimtazama Kalenga kwa hofu. Alitafuta, akapata.

"Anasema ni kosa tu," akatafsiri. "Kosa bila mukosaji."

Tulirudi kwa miguu, Papa na mimi, chini ya miti ya njia ile ndefu, matope yakiviharibu viatu vyake. Tulitembea hivyo mpaka karibu na Katuba. Kisha akasema, bila kupunguza mwendo: "Neno, hakuna shida. Kila muntu anakosaka neno. Lakini zile siku mbili ulinyamaza, usizirudie tena na mtu yeyote." Ndiyo adhabu yote niliyopata, na bado ninaitumikia. Jumatatu alirudi kazini. Kwenye masomo walichaguliwa vijana wawili waliojua Kiingereza cha shule. Papa alisema ni haki.

Wiki chache baadaye, Jumapili baada ya misa, mtu mfupi mwenye koti kubwa alibisha mlangoni kwetu, na beseni la uyoga lililofunikwa kwa majani. Alisema yeye ni Mwape, ametoka Kambove na gari la alfajiri. Papa alitoka, wakatazamana, watu wawili ambao kwa miaka walikuwa wakisomana namba tu, huyu kwenye vibandiko, yule kwenye stakabadhi za mapokezi.

"Nilikuwa nafikiri uko mukubwa," Mwape akasema. "Maandiko yako iko makubwa."

Papa alimkaribisha mezani. Mama aliupika ule uyoga na vitunguu na nyanya, akasonga bukari, nami nikapitisha maji ya kunawa. Mwape alikula kidogo, kwa adabu ya mgeni. Kisha akasema, macho yakiwa kwenye sahani:

"Msimamizi wa kule, nilimuonyesha zile kamba. Nilisema na mikono, nilisema na Kiswahili, nilisema na Kibemba. Akasema *okay, okay*. Nikajua amesikia." Alimega bukari. "Miaka yote nimefanya kule, ile siku ya simu njo mara ya kwanza muntu ananiuliza kintu."

Papa alisogeza bakuli la uyoga karibu na mgeni. Alijifuta vidole, akaegemea, akakunja mikono kama mtu ambaye hana pengine pa kwenda siku ile.

"Na bintu ingine?" akauliza. "Iko bintu ingine ulibaambia, hawakusikia?"

Mwape alimtazama kuona kama anatania. Kisha akavuta kiti mbele na kuanza kusema, na akasema mpaka bukari ikapoa, na hakuna mtu mezani aliyemharakisha.